Msiende Rhine: mto wenu unapita Kassel

Swali la msomaji: "Assalaam aleikum kaka. Mimi na mume wangu tunaishi Kassel, tuna watoto wawili, wa miaka 11 na 7. Julai tutapata siku tisa za likizo na gari hatuna. Tungependa kusafiri kwa baiskeli tukifuata mto, tukilala kwenye hema. Wenzake mume wangu kazini wanamwambia Rhine, Rhine tu. Mimi naogopa mvua, naogopa mdogo atachoka njiani, na sijui kama hapa Ujerumani mtu anaruhusiwa kupiga hema popote anapopaona pazuri. Kula tunakula halali. Twende mto gani, na tujiandae vipi?"

Waaleikum salaam dada yangu. Mimi ni fundi baiskeli, naishi Bremen, na karibu kila majira ya joto naongozana na familia zinazotoka kwa mara ya kwanza. Swali lako nimelisikia kwa sura nyingi. Nitalijibu kwa urefu, kwa sababu safari ya kwanza ikiharibika baiskeli za watoto hurudi stoo na hazitoki tena.

Nianze na Rhine. Wenzake shemeji wana nia njema. Sehemu wanayoisifu, kati ya Bingen na Koblenz, ina ngome za kale juu ya kila kilima, na UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2002. Lakini ni bonde jembamba lenye reli kando zote mbili za mto, na sambamba na reli kuna barabara kuu. Treni za mizigo kati ya bandari za Uholanzi na Italia hupita pale usiku kucha. Anayelala hotelini hufunga dirisha lake la vioo viwili akalala. Ninyi mtakuwa na kitambaa tu kati ya masikio yenu na behewa thelathini za chuma. Nimelala kwenye kambi za pale zaidi ya mara moja. Ardhi huanza kutetemeka kabla hujasikia mlio, na watoto huamka wote. Kwa baiskeli na hema, pamoja na mtoto wa miaka saba, hapana.

Sasa fungueni dirisha la nyumba yenu. Mto Fulda unapita hapo mjini. Mkiufuata kuelekea unakokwenda, kwa kilomita zisizofika 30, mnafika mji uitwao Hann. Münden, ambako Fulda inakutana na Werra. Kuanzia pale yote miwili hupoteza majina na mto mmoja huitwa Weser. Kwenye ncha ya kisiwa cha Tanzwerder kuna jiwe lenye shairi juu ya jambo hilo: Werra na Fulda wanabusiana, na busu wanalilipia kwa majina yao. Hapo ndipo inapoanzia njia ya baiskeli ya Weser, Weser-Radweg, inayokwenda kama kilomita 520 hadi Cuxhaven, kwenye Bahari ya Kaskazini.

Hamtaimaliza, wala sitaki mjaribu. Nataka mtoke Kassel mfike Hameln, kama kilomita 170, na mtumie siku zote tisa. Shemeji atasema ni kidogo, na peke yake angezimaliza kwa siku mbili. Lakini mwendo wa familia huwa ni kilomita kumi kwa saa ukihesabu vituo vyote, na vituo ndivyo watoto wanavyovikumbuka. Tena kuna faida ambayo familia nyingine hulazimika kuilipia: mnafunga mlango wa nyumba, mnapanda baiskeli, mnaondoka. Siku ya kwanza hakuna treni. Baiskeli nne, mabegi na watoto wawili kwenye jukwaa la kituo, na treni inasimama dakika mbili: mimi nimeona ndoa zikitikisika pale kabla safari haijaanza.

Watu huniuliza sana kama ni heri kushuka na mto au kuupanda. Hann. Münden iko mita 116 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo mto una kilomita zipatazo 450 hadi baharini. Gawanya, utapata kama sentimita 26 kwa kila kilomita. Hakuna mguu unaohisi sentimita 26. Kinachoamua siku yako ni upepo, na Ujerumani upepo hutoka zaidi upande wa magharibi. Weser ya juu, mnakokwenda ninyi, imejificha kati ya vilima vyenye misitu, Reinhardswald upande mmoja na Solling upande wa pili, na mto wenyewe unajipinda kila baada ya kilomita chache. Upepo ukiwapiga usoni saa hii, baada ya kona utawasukuma. Vilima vinaisha pale Porta Westfalica, karibu na Minden, na baada ya hapo ni tambarare tupu hadi baharini.

Niliwahi kukosea hapo, na waliolipia ni watoto wa watu. Nilipeleka familia moja kutoka Nienburg kuja Bremen kwa siku moja, nikidhani kwamba mahali pasipo kilima ni rahisi kwa mtoto. Upepo uliwapiga usoni tangu saa nne asubuhi. Binti wa miaka tisa alikanyaga pedali kwa muda wa masaa saba bila kulalamika, kisha akakaa kwenye majani kando ya njia akalia kimya kimya. Tulifika giza limeingia. Tangu siku hiyo napanga safari ya watoto kwa kuangalia upepo kwanza, kilomita baadaye, na ndiyo sababu ninawasimamisha Hameln.

Siku ya kwanza laleni Hann. Münden. Kambi iko palepale kisiwani Tanzwerder, mnavuka daraja mko mji wa kale. Mji huo una zaidi ya nyumba 700 za mbao za zamani, na ningependa mtembee taratibu mkitafuta mahali ambapo lipu imebanduka. Mtaona ndani yake: fremu ya mbao, katikati fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Ni ukuta ambao bibi yangu kule Pangani angeukagua kwa kidole na kusema kama fundi alikuwa mvivu. Tofauti ni kwamba hizi zimesimama miaka mia nne.

Siku ya pili ni kama kilomita 30 hadi Gieselwerder, ambako kuna kambi kando ya mto. Njiani, kati ya Veckerhagen na Hemeln, kuna pantoni, na hata kama hamna shughuli ng'ambo, vukeni. Haiendeshwi kwa injini. Waya mnene umekazwa juu kutoka kingo moja hadi nyingine, na pantoni imening'inizwa kwenye waya huo kwa kamba mbili za chuma. Nahodha huvuta kamba moja na kulegeza nyingine ili chombo kikae mshazari, na mkondo wa maji wenyewe hukisukuma hadi ng'ambo. Hakuna moshi wala kelele, mnasikia maji tu yakipiga ubavuni. Mvulana mmoja niliyekuwa naye alivuka mara nne na akataka ya tano. Wekeni sarafu mfukoni, maana kwenye pantoni kadi mara nyingi haifai kitu. Mtaziona nyingine za namna hiyo Polle na Grohnde.

Siku ya tatu ni fupi, kilomita 17 au 18, hadi Bad Karlshafen. Mji huu una hadithi inayowahusu ninyi wa Kassel. Zamani Münden ilikuwa na haki ya kuzuia kila shehena: chombo kikifika lazima kishushe mzigo na kuuweka sokoni siku tatu kabla ya kuendelea. Mtawala wa Hessen-Kassel, Landgraf Karl, alichoka na kizuizi hicho. Mwaka 1699 akajenga mji mpya chini zaidi mtoni, akawakaribisha Wahuguenot, yaani Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa, na akaanza kuchimba mfereji ili bidhaa zifike Kassel bila kupita Münden. Mfereji haukufika. Mji ukabaki, mweupe na ulionyooka mistari, na bandari yake katikati. Kuna bwawa la maji ya chumvi yenye joto. Mkiwa mmelowa mvua, peleka watoto huko mchana mzima na usihesabu hiyo kuwa ni kupoteza siku.

Kutoka hapo hadi Höxter ni kilomita 25 na kidogo. Hapo kaeni usiku mbili. Kambi iko ukingoni, ikitazamana na mji wa kale, na mwendo wa dakika kumi kwa baiskeli kuna Corvey, nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 822 na kuingizwa urithi wa dunia mwaka 2014. Siku ya kupumzika ni muhimu kuliko mnavyodhani. Siku ya tano ndipo mwili wa mtoto unapodai deni lake, hata kama siku ya nne alikuwa akiruka.

Siku ya sita ndiyo ndefu, kama kilomita 43 hadi Bodenwerder, na hii ndiyo ninayotaka muiandae vizuri. Mnapita Holzminden, mji ambako mwaka 1874 ilianzia vanila ya kiwandani, ile iliyokuja kushindana na vanila ya shambani tunayoijua sisi. Upepo ukiwa upande wenu mtaweza kuunusa mji kabla ya kuuingia. Holzminden kuna kituo cha treni. Mkikivuka, hakuna kingine hadi Emmerthal, karibu na Hameln. Ni zaidi ya kilomita 40 bila reli, na Bodenwerder iko katikati ya pengo hilo. Kwa hiyo uamuzi mnaufanya Holzminden: kama mdogo amechoka au mbingu imefunga, simameni hapo. Pengo la pili linalofanana nalo ni kati ya Hann. Münden na Bodenfelde, lakini hilo mmeligawanya kwa kulala Gieselwerder.

Bodenwerder ni kwao Baron Münchhausen, aliyezaliwa hapo mwaka 1720 na kufa hapo mwaka 1797, mtu wa kweli aliyesifika kwa chumvi katika kusimulia. Watoto waliokulia visa vya Abunuwasi watamwelewa mara moja. Kesho yake ni kilomita 25 hadi Hameln, mji wa yule mpiga filimbi anayesimuliwa kuwa aliondoka na watoto 130 mwaka 1284. Siku ya nane ni akiba yenu. Mvua ikiwazuia mahali, mtaitumia. Isipowazuia, mko Hameln na hamna haraka. Siku ya tisa mnapanda treni kupitia Hannover na Göttingen hadi nyumbani.

Sasa hema. Hapana dada, hairuhusiwi kupiga hema popote. Sheria hutofautiana kidogo jimbo kwa jimbo, na njia yenu inapita majimbo matatu, Hessen, Niedersachsen na Nordrhein-Westfalen, lakini msituni na kwenye hifadhi za mto ni marufuku na faini ipo. Shamba la mtu ni la mtu. Usiku ukiwakuta katikati ya safari, pigeni hodi kwenye nyumba ya mkulima na muombe. Mwenye mali akikubali, mambo yameisha, na wakulima wa Weser wamewazoea waendesha baiskeli. Ila msipange safari kwa kutegemea hodi. Kambi ni nyingi, zimeandikwa Campingplatz, na nyingi zina uwanja wa majani wa mahema unaoitwa Zeltwiese ambako magari hayaingii. Kwa hema moja la familia ya baiskeli, pigeni simu asubuhi ya siku hiyohiyo. Mara nyingi inatosha, nje ya wikendi za sikukuu.

Kambi za Kijerumani zina utaratibu na watu wake wanauheshimu. Kuanzia saa nne usiku ni kimya, hadi asubuhi saa moja. Nyingi hufunga pia mchana, saa saba hadi saa tisa, na ofisi haifunguliwi. Mkifika saa saba na dakika tano mtakaa nje. Maji ya moto ya kuoga huenda yakahitaji sarafu au jetoni, ulizeni wakati wa kujiandikisha. Mikate ya asubuhi huagizwa jioni yake.

Mahali pa kupiga hema, watu wote hukimbilia ukingoni kabisa, karibu na maji. Ninyi pandeni juu kidogo. Chini kule ukungu hukaa hadi saa tatu asubuhi na hema huamka limelowa kana kwamba mvua ilinyesha. Isitoshe, mto ukijaa hujaa upande huo kwanza. Katika miji yote hii mtaona kwenye kuta alama za mafuriko zenye miaka, nyingine juu ya kichwa cha mtu mzima. Msipige hema chini ya mti mkubwa ulio peke yake, maana dhoruba za radi za Julai huangusha matawi.

Na kuhusu mvua: unayo haki ya kuiogopa, Julai ni kati ya miezi yenye mvua nyingi zaidi hapa. Ila mara nyingi hainyeshi siku nzima. Hushuka mchana au jioni kwa kishindo, ikapita. Ndiyo maana nasema ondokeni mapema, muwe mmesimamisha hema saa tisa mchana. Tena asubuhi upepo hulala. Turubai ya nje ya hema iwe na ukubwa wa kuacha kibaraza cha kuvulia viatu na kuweka mabegi. Hema lisimamisheni na kulikunja mara tatu nyumbani kabla ya kuondoka, watoto wakishika vigingi, ili siku ya kwanza kunyesha kila mmoja ajue kazi yake.

Lakini kilichoziharibu safari nyingi nilizoziona si mvua, ni ardhi. Usiku wa Julai bondeni unaweza kushuka hadi nyuzi kumi au chini yake, na baridi haitoki juu, inatoka chini. Watu wetu hununua mfuko wa kulalia wa bei kubwa kisha wakaulaza juu ya kigodoro chembamba cha mazoezi. Geuza fedha yako: mfuko wa kawaida, godoro zuri la kujaza hewa lililotengenezwa kuzuia baridi. Wewe ni mama, utaamka kuwagusa watoto usiku. Mgongo wao ukiwa wa moto, wako salama. Wachukulie pia kitambaa cha kufunika macho. Jua linazama saa tatu na nusu usiku na kuchomoza saa kumi na moja alfajiri, na mtoto hataamini kwamba ni wakati wa kulala. Kwa sala, Isha itawakuta mmechoka sana. Jipangeni mapema jinsi mtakavyofanya, msije mkabishana nalo usiku ndani ya hema.

Chakula ni rahisi kuliko unavyohofia. Chukueni jiko dogo la gesi la kusokotea, mtungi mmoja wa ziada, na sufuria mbili. Kilo mbili za unga wa sembe zinatosha. Kwenye majiko haya ugali wa watu wanne unasongwa vizuri mkikaa chini na mmoja akishika sufuria. Mayai, maharage ya kopo, mchicha, samaki wa kopo na wa kuvuta moshi vipo kila duka kubwa. Nyama ya halali mtaipata kwa maduka ya Waturuki katika miji kama Höxter, Holzminden na Hameln, si vijijini. Angalieni peremende za watoto, nyingi zina jelatini ya nguruwe. Na msisahau Jumapili: karibu maduka yote yamefungwa. Nunueni Jumamosi kabla ya saa kumi jioni, maana vijijini wengine hufunga mapema. Chupa za plastiki na makopo ya vinywaji msitupe, nyingi ni senti 25 kila moja mkirudisha dukani, na mimi huwaachia watoto fedha hiyo yote. Hakuna chupa inayosahaulika kambini.

Moto wa kuni msiwashe kambini bila kuruhusiwa.

Kwenye baiskeli ndiko ninakoweza kusema hadi kesho, ila nitachagua. Hamhitaji baiskeli mpya. Mnahitaji breki nzima, tairi zisizo na nyufa, cheni iliyotiwa mafuta, taa zinazowaka na kengele. Mpelekee fundi wiki tatu kabla, si siku tatu, kwa sababu mwezi wa Juni mafundi wote tumezidiwa. Mizigo yote ikae kwenye mabegi ya pembeni ya keria, mazito chini, yasiyopitisha maji. Mgongoni msibebe kitu. Mtoto wa miaka 11 anaweza kubeba nguo zake, na atajivunia. Wa miaka saba asibebe chochote zaidi ya chupa ya maji. Chukueni tyubu moja ya kila saizi, viraka, pampu, na hakikisheni pampu inakubali valvu zenu, kwa sababu katika familia moja hukuta za aina mbili au tatu. Jifunzeni kuziba pancha sebuleni.

Kwa huyo wa saba, kuna fimbo ya chuma ya kukokotea, inayounganisha baiskeli yake na ya mzazi kwa nyuma. Akichoka au mkifika kwenye barabara yenye magari, mnamfunga. Njia ikiwa tulivu, mnamfungua. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu kwa safari hii, nunua hicho. Jua pia sheria: mtoto ambaye hajatimiza miaka minane, akiendesha mwenyewe, hupita njia ya waenda kwa miguu au njia ya baiskeli iliyotengwa na barabara, na mzazi mmoja anaruhusiwa kupanda naye hapo. Wakivuka barabara wote wawili hushuka. Kofia ngumu sheria haiwalazimishi, mimi nawalazimisha. Vibao vya njia vina maandishi ya kijani Hessen na Niedersachsen, mekundu mkiingia Nordrhein-Westfalen; watoto wapeni kazi ya kuviona kwanza.

Jambo moja silisemi kwa upole. Watoto wasiogelee Weser. Maji yanaonekana yamelala, lakini mkondo wa chini una nguvu, kingo zina mawe yaliyojengwa kuingia mtoni ambako maji hujizungusha, na vyombo hupita. Karibu kila mji una bwawa la wazi, Freibad, kwa bei ya kawaida, muogelee huko. Mtoni ni kutia miguu tu, mkiwa mmewashika. Na jioni, mkitoka kwenye majani marefu, wakagueni kupe: nyuma ya goti, kwapani, nyuma ya masikio.

Treni ya kurudi: pandeni za mikoa, zilizoandikwa RE, RB au S. Hazihitaji kubuku nafasi ya baiskeli, lakini nafasi ni chache na Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya treni za mikoa, kwa kawaida haibebi baiskeli, kila moja hukatiwa tiketi yake. Msirudi Jumapili jioni ya jua. Nusu ya Hannover itakuwa inarudi na baiskeli zake. Jumanne saa nne asubuhi mtapata behewa karibu tupu.

Mkirudi na watoto wakauliza lini tena, mwakani nitawaambia Elbe, kutoka Dresden hadi Hamburg au kinyume chake kama upepo wa kaskazini-magharibi unavuma. Nina sababu yangu ya kuipenda njia hiyo. Bibi Salme, binti wa Sultan Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, aliishi Hamburg na baadaye Dresden, miji miwili ya mto mmoja. Alifia Jena mwaka 1924, na kaburi lake liko Ohlsdorf, Hamburg, kwenye makaburi makubwa kiasi kwamba basi la abiria hupita ndani. Ni zaidi ya kilomita 500, na kwa hiyo mdogo wenu lazima awe ameshaifanya Weser.

Kwa sasa chagueni Jumamosi moja ya Juni. Fungeni mizigo yote kama vile mnakwenda siku tisa, endesheni hadi kambi ya Hann. Münden, mlale usiku mmoja, mrudi Jumapili kwa treni. Kila kitu ambacho hamkukigusa usiku ule, kiacheni nyumbani Julai. Kila mlichokikosa, kiandikeni palepale ndani ya hema, kabla hamjasahau.